Mnunuzi wa Ulaya anataka hesabu ya gesijoto ya kiwanda: nilichokikuta kwenye leja ya stoo (Igogo, Mwanza)

LejaYaIgogo (mwanzisha uzi)

Wakuu, mwangaluka. Mtakaosoma mchana, mwadila.

Mimi ni mhasibu katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Jina la kiwanda mtanisamehe. Mnunuzi wetu wa Ulaya katuletea dodoso refu, anataka kujua kiwanda kinatoa tani ngapi za gesijoto (hewa zinazopasha dunia joto) kwa mwaka na tuna mpango gani wa kupunguza. Bosi kasoma nusu ukurasa, kalisukuma kwangu: "Wewe si ndiye mtu wa hesabu?" Meneja mmoja akashauri tujibu kwa picha za siku tulipopanda miti.

Nimelifanyia kazi, na naliweka hapa kwa sababu najua wapo wenzangu wa pamba, hoteli na malori wanaoulizwa hivyo hivyo, wanapelekwa semina, wanarudi na begi na kalamu. Ninachosema ni kimoja: mchafuzi mkubwa kiwandani kwako huenda hatoi hata moshi, na jina lake limo kwenye leja ya stoo.

Kwanza mpangilio. Kanuni wanayoitumia wanunuzi wengi ni GHG Protocol, iliyotoka 2001 kwa kazi ya taasisi mbili, WRI na WBCSD. Inagawa uchafuzi mafungu matatu. Skopu 1 ni kinachotoka kwako mwenyewe: dizeli ya jenereta na malori yako, gesi ya kantini, gesi ya mitambo ya baridi inayovuja. Skopu 2 ni umeme ulionunua. Skopu 3 ni mengine yote yaliyo kabla yako na baada yako, kuanzia petroli ya mvuvi mpaka ndege inayobeba minofu.

Hakuna anayekuja kupima moshi kwa mashine. Unachukua kiasi ulichotumia, unazidisha na kigezo. Lita ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.68 za hewa ukaa, petroli kama kilo 2.3. Mlinzi wetu aliniuliza lita isiyofika hata kilo moja inatoaje kilo mbili na zaidi. Swali zuri: kaboni ya mafuta inaungana na oksijeni ya hewani, na sehemu kubwa ya huo uzito ni oksijeni.

Dizeli ilikuwa kazi nyepesi, stoo yetu inaandika kila lita. Nikafungua kurasa za vipuri na vifaa vya karakana, nikakuta mitungi ya R404A, gesi ya vyumba vyetu vya baridi. Inanunuliwa mwaka mzima, mmoja leo, miwili mwezi ujao, imeandikwa katikati ya grisi na mikanda ya feni.

Sasa fuateni hesabu. Kilo moja ya R404A ikitoka hewani inapasha dunia joto sawa na kilo 3,922 za hewa ukaa, kwa kipimo cha miaka 100. Mtungi wa kawaida una kilo 10.9. Zidisha: tani 42 na ushee. Gawa kwa 2.68, unapata karibu lita 16,000 za dizeli. Mtungi mmoja, ambao kijana anaubeba kwa mkono mmoja.

Na gesi ya friji hailiwi. Inazunguka humo humo ndani ya mabomba. Ukiona unaongeza, ujue iliyokuwepo imetoka.

Kuhusu ile miti: makadirio yanayotumika sana ni kwamba mti mkubwa uliokomaa unavuta kama kilo 20 za hewa ukaa kwa mwaka. Kufuta mtungi mmoja unahitaji miti elfu mbili na zaidi, mikubwa, mwaka mzima. Sisi kwenye picha tuna miche, tena imepandwa kilimani kiangazi kikiwa mlangoni.

Mafundi wa baridi, watu wa mazingira, wenye mitumbwi, karibuni mnikosoe.

NyegeziKona

Nakaa siti ya mbele, ila nianze na la moyoni. Waliochafua ni wao, tangu enzi za makaa ya mawe. Tanzania nzima haifiki asilimia moja ya uchafuzi wa dunia. Leo mhasibu wa Igogo anakosa usingizi kwa sababu ya mtungi? Huu ni ukoloni wenye kikokotoo. Mwaka kesho watasema samaki wetu watozwe ushuru wa kaboni, mtaona.

FundiBaridi

Mkuu Leja, umegusa mahali penyewe. Mimi kazi yangu ni mitambo ya baridi, kanda yote hii kuanzia Musoma mpaka Bukoba, na hicho ulichokikuta ndicho tunachokipigia kelele bila kusikilizwa.

Gesi haipungui kwa uzee. Inatoka kwenye nati za maungio, kwenye mabomba ya shaba yanayotikiswa na kompresa miaka nenda miaka rudi, kwenye sili ya shafti, na kwenye vali ambazo vifuniko vyake mtu alivivua akaviacha juu ya dari. Tatizo ni namna tunavyoitwa. Simu inapigwa saa nane usiku, chumba kinapanda joto, samaki wa tani kadhaa wako ndani. Unafika, unaongeza gesi, baridi inarudi, unasainiwa karatasi, unaondoka. Tundu umeliacha pale pale. Ukimwambia bosi usimamishe mtambo kesho utafute uvujaji, anakuuliza nani atalipa hasara ya kusimama. Wiki chache baadaye simu inalia tena.

Fanyeni hivi. Kila mtambo uwe na daftari lake: umewekwa gesi gani, kilo ngapi, lini, na nani. Mtungi upimwe kwenye mizani kabla na baada. Bila hiyo hata Leja hesabu zake ni za jumla tu, hajui chumba kipi ndicho kinachovuja. Halafu pitisheni povu la sabuni kwenye maungio yote, mkiweza mpate kidaka gesi cha umeme. Na fundi akifungua mtambo, gesi inyonywe kwa pampu irudi mtungini, isiachiwe hewani. Hilo la kuachia ndilo baya kuliko yote, na wengi wetu mafundi tumelizoea kwa sababu linachukua dakika tatu.

Mkipata hela ya kubadilisha, zipo gesi za R448A na R449A ambazo kipimo chao cha kupasha dunia joto kiko chini ya 1,400, karibu theluthi moja ya R404A. Mnaojenga kiwanda kipya fikirieni amonia: kipimo chake ni sifuri, na kwa mitambo mikubwa inakula umeme kidogo. Ila amonia haina mchezo. Ni sumu, inawasha macho, inataka vidaka gesi, barakoa na watu waliofundishwa. Tena inakula shaba, kwa hiyo mabomba ni ya chuma. Asije mtu akawadanganya kwamba ataimwaga kwenye mtambo wenu wa sasa.

LejaYaIgogo

Fundi, asante. Swali moja: tuna mtambo mzeeeee wa barafu unaotumia R22. Nao naufanyaje?

FundiBaridi

R22 kipimo chake ni 1,810, na juu ya hapo inatoboa tabaka la ozoni. Iko chini ya Itifaki ya Montreal, nchi zetu zinatakiwa kuachana nayo ifikapo 2030, kinachobaki ni kiasi kidogo cha kuhudumia mitambo ya zamani. Hizi nyingine kama R404A ziliingizwa kwenye itifaki hiyo hiyo kwa Marekebisho ya Kigali, Oktoba 2016. Kwenye karatasi ya mnunuzi sijui wanaipanga wapi, watu wa mazingira watusaidie.

BintiKapripoint

Nimeitwa. Nafanya kazi za tathmini ya mazingira.

R22 kwa kanuni ya GHG Protocol unairipoti pembeni, nje ya skopu zote tatu, kwa sababu haimo kwenye orodha ya gesi za Kyoto, ule mkataba wa hali ya hewa uliotangulia wa Paris. Usiifiche, lakini usiijumlishe na R404A. Viwanda vingine hutumia mwanya huo vibaya, wanabaki na R22 kwa sababu haionekani kwenye jumla.

Sasa Skopu 2, maana naona watu mmeiruka. Umeme wa gridi una kigezo chake na kinabadilika kila mwaka kulingana na mitambo iliyokuwa ikizalisha. Tuna gesi asilia ya Songosongo na Mtwara, tuna maji. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115, na ya kwanza iliwashwa Februari 2024. Huku kwetu Rusumo nayo inatoa megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi. Zamani Mwanza tulitegemea sana mtambo wa mafuta mazito wa Nyakato. Maana yake ni kwamba Skopu 2 ya kiwanda chako inaweza kushuka bila wewe kubadilisha hata balbu. Nimeona taarifa za kampuni zikijipongeza kwa punguzo la namna hiyo. Tenganisheni: hiki kimetokana na gridi, hiki kimetokana na sisi.

Kingine: jenereta. Lita ya dizeli kwenye jenereta ya kawaida inatoa uniti tatu mpaka tatu na nusu. Kwa hiyo kila uniti ya jenereta imebeba kama kilo 0.8 za hewa ukaa, na bei yake mnaijua wenyewe. Kila saa unayoizima jenereta umepunguza gharama na gesi kwa pamoja. Paneli za jua juu ya bati la kiwanda cha samaki zina mantiki nzuri kwa sababu joto la mchana, ambalo ndilo linaloichosha mitambo ya baridi, linakuja na jua lenyewe.

Na maji nayo si dhamana ya milele. Waliokuwa na akili zao 2006 na 2011 wanakumbuka ukame ulivyotufanyia kwenye umeme.

MamaDagaaKirumba

Mimi swali la mtu wa kawaida. Hapa Mwaloni kuna wenye majokofu ya kuhifadhi samaki, wengine wamefungiwa kapasita wakaambiwa ni vifaa vya kulinda mazingira. Kweli?

FundiBaridi

Mama, kapasita inashusha bili kwa wateja wakubwa wanaotozwa kwa kVA, hilo kweli. Kwenye hewa ukaa haibadilishi kitu cha maana. Mapazia ya plastiki mlangoni na kufunga mlango wakati wa kupakia lori yana faida kubwa kuliko hiyo kapasita, na bei yake ni ndogo mno. Safisheni na kondensa, ile redieta inayotoa joto nje. Nimekuta kondensa zimejaa manyoya ya kuku, sitasema wapi.

KijanaWaDunga

Wakubwa salamu kutoka Kisumu. Huku kwetu Skopu 2 si shida sana, umeme wa Kenya kwa karibu asilimia tisini ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, na upepo wa Turkana. Shida yetu ni samaki mwenyewe. Amepungua hadi tunakula wa kutoka Uchina, aliyegandishwa, kando ya ziwa! Huyo naye ana hewa ukaa yake ya meli na friji, na mama muuza samaki pale Dunga haulizwi dodoso lolote.

Lakini ndugu Leja, mbona umekwepa ndege? Minofu mingi ya Mwanza naiona ikipita Sirari kwa lori kuja kupanda ndege Nairobi.

LejaYaIgogo

Sijakwepa, nilikuwa nakuja huko, na hapo ndipo pagumu.

Kutoka Nairobi mpaka viwanja vya Ubelgiji au Uholanzi ni zaidi ya kilomita 6,500. Kwa vigezo vya kawaida vya mizigo ya ndege, kilo moja ya minofu inabeba kilo kadhaa za hewa ukaa angani tu, kuzidi uzito wake mara tatu au zaidi. Kilo hiyo hiyo ikigandishwa ikaenda kwa kontena la meli, safari ya baharini inabeba sehemu ndogo ya kilo moja. Tofauti ni makumi ya mara.

Sasa anayetaka minofu mibichi, isiyogandishwa, ifike ndani ya saa chache, ni nani? Ni huyo huyo mwenye dodoso. Mbichi analipa vizuri, iliyogandishwa anabana bei. Dodoso lina ukurasa mzima juu ya jenereta yangu, na mstari mmoja tu juu ya usafirishaji "wa kwenda kwa mteja". Nimeujaza kikamilifu, kwa wino mzito. Kama tunahesabu, tuhesabu wote.

NyegeziKona

Hapo umesema! Ndiyo maana nasema ni unafiki. Mnaukumbuka mwaka 1999? Walifungia samaki wa ziwa lote, Tanzania, Uganda, Kenya, kwa habari za uvuvi wa sumu. Viwanda vikasimama, vijana wakarudi vijijini. Leo kaboni, kesho watatafuta lingine.

BintiKapripoint

Kaka Nyegezi, 1999 naikumbuka kwa namna nyingine. Baada ya lile zuio viwanda na serikali vilijenga ukaguzi, maabara, mialo yenye sakafu na maji safi, kumbukumbu za kila shehena. Wakati ule watu walisema haya haya, kwamba ni visingizio vya wazungu. Leo hakuna kiwanda Mwanza kinachouza nje bila mambo hayo, na hakuna anayeyaona mageni. Waliochelewa kujipanga ndio walioumia. Dodoso la kaboni naliona linafuata njia ile ile.

Kuhusu ushuru wa kaboni, tusitishane. Ushuru wa mpakani wa Umoja wa Ulaya unaoitwa CBAM ulianza kwa kuripoti tu tarehe 1 Oktoba 2023, na kipindi cha kulipia kinaanzia Januari 2026. Unagusa saruji, chuma, alumini, mbolea, haidrojeni na umeme. Samaki hamo. Kwa nini hizo? Kwa sababu viwanda vya Ulaya vya bidhaa hizo viko kwenye soko lao la vibali, lililoanza 2005: serikali zinaweka dari ya uchafuzi, kila tani inahitaji kibali, vibali vinanadishwa, dari inashushwa kila mwaka. Kiwanda kinachopunguza kinauza vibali vyake, kisichopunguza kinanunua. Sasa wanaogopa kiwanda kihame kikajengwe kusiko na dari, ndiyo ushuru wa mpakani.

Anayetubana sisi kwa sasa si forodha. Ni mnunuzi mwenyewe, ambaye naye analazimika kutoa hesabu kwao, na Skopu 3 yake ndiyo sisi.

NyegeziKona

Sawa dada, CBAM umenieleza. Na serikali yetu je? Maana tunaambiwa wananchi tuache mkaa, wao wanafanya nini cha kupimika?

BintiKapripoint

Cha kupimika kipo, tukiache cha majukwaani.

Chini ya Mkataba wa Paris kila nchi inaandika ahadi yake. Ya kwetu ya 2021 inasema tutapunguza kati ya asilimia 30 na 35 ifikapo 2030. Lakini someni vizuri: ni kupunguza kulinganisha na mahali ambapo tungefika tusingefanya lolote. Uchafuzi wenyewe kwa idadi ya tani unaweza kuendelea kupanda, kwa sababu uchumi unakua. Tena sehemu kubwa inategemea fedha za nje. Ni ahadi halali, ila isisomwe kama ya Uingereza ambayo inapunguza kutoka kiwango cha 1990.

Nchi nayo inapiga hesabu kama Leja, kwa sekta: nishati, viwanda, kilimo na mifugo, ardhi na misitu, taka. Taarifa ya uwazi ya kila miaka miwili chini ya Paris, ya kwanza ilitakiwa mwisho wa 2024. Na sehemu kubwa ya uchafuzi wa Tanzania haitoki viwandani. Inatoka kwenye kukata misitu na kubadilisha matumizi ya ardhi, halafu kilimo na mifugo. Methani ya ng'ombe anapocheua inapasha joto kama mara 28 ya hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Wasukuma wenzangu mtanisamehe.

Ndiyo maana mkaa unasemwa sana. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulizinduliwa Mei 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na mkaa. Shule zenye bweni, magereza, vyuo: hapo jiko moja linabadilisha mzigo wa lori zima.

Mengine yanapunguza bila kujitangaza. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu, lilifunguliwa Juni 2025. Hakuna aliyelijenga kwa ajili ya hewa ukaa, lakini vivuko vimeacha kuchoma dizeli mchana kutwa na malori yameacha kungurumia foleni. SGR ya Isaka–Mwanza, kilomita 341, ikikamilika na kuunganishwa na Dar, mzigo wa kiwanda chako utasafiri kwa umeme badala ya dizeli kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Hapo ndipo minofu iliyogandishwa kwenda bandarini inaanza kuwa hoja ya biashara.

MzeeWaGoziba

Vijana mnaongea vizuri. Mimi nina mitumbwi, wavuvi wangu wako visiwani. Juzi wakala wa kiwanda kimoja kaja mwaloni ananiuliza injini zangu zinakula lita ngapi kwa safari. Nikamwuliza ya nini, hakuwa na jibu. Nikamjibu lita moja.

Sasa nawaelewa. Lakini nisikilizeni. Nikikuambia lita za kweli, kesho utaniambia samaki wangu mchafu, unishushie bei. Nikinunua injini mpya ya kisasa inayokula kidogo, bei ya samaki itabaki ile ile. Karabai za dagaa tuliziacha wenyewe, hakuna aliyetuletea dodoso: taa za betri na sola zilikuja, mafuta ya taa yakawa ghali, hesabu ikajijibu yenyewe. Tuleteeni kitu ambacho hesabu yake inajijibu.

Na ziwa lilipopanda 2020 likala mialo, vibanda na mitambo ya barafu, aliyelipa hasara ni mimi. Hakuna aliyekuja na fomu siku hiyo.

KijanaWaDunga

Mzee Goziba nakuunga mkono. Huku upande wa Mbita kumejaribiwa injini za umeme za mitumbwi, betri unakodi, ikiisha unabadilisha. Kwa safari fupi za usiku zinaenda. Kwa kwenda mbali mpaka visiwa vyenu, bado.

MamaDagaaKirumba

Baba Goziba kawasema wote humu kwa lita moja 😂😂

BuhongwaJuu

Niongeze la taka, maana kila mtu analisahau. Matumbo, damu, maganda ya ndizi za sokoni, mabaki ya hoteli, vikilundikwa dampo la Buhongwa vinaoza chini bila hewa na vinatoa methani. Vile vile vikigeuzwa mboji juu ya ardhi na kupinduliwa vinatoa kidogo sana. Vijana wengine wanafuga funza wa nzi weusi kwa mabaki hayo, wanauza kwa wafuga kuku na wenye vizimba vya sato. Viwanda vya samaki angalau mapanki na vichwa vina soko, hakitupwi kitu. Hoteli ndizo zinazotupa.

Kwenye dodoso la Leja taka ni Skopu 3, ikichukuliwa na mtu mwingine. Andika uzito na zinakoenda, si "tunatunza usafi".

NyegeziKona

Na biashara ya kaboni? Nasikia kuna vijiji vinalipwa mabilioni kwa kutokata miti tu. Kiwanda si kinunue hati za hewa ukaa ya miti hiyo, mambo yaishe?

BintiKapripoint

Vipo. Wilaya ya Tanganyika kule Katavi, na Wahadzabe wa Yaeda, wanauza hewa ukaa ya misitu yao na fedha zinajenga zahanati na madarasa. Nchi ina kanuni za biashara hiyo tangu 2022, na Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kiko SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Ni jambo zuri kwa vijiji vile.

Kwa kiwanda kinachovuja, hapana. Kununua hati huku mtungi unamwagika ni kulipia dawa na sumu kwa mkupuo mmoja. GHG Protocol inataka uonyeshe jumla yako kabla ya hati, na hati uziweke pembeni. Mnunuzi mwenye akili ataangalia namba ya kwanza.

LejaYaIgogo

Mrejesho, wakuu, kama mlivyouliza inbox.

Kikao kimefanyika. Niliweka jedwali moja tu: dizeli, umeme, gesi ya friji, zote kwa tani. Sikusema neno. Bosi aliutazama mstari wa gesi ya friji, akaniuliza kama nimeweka koma mahali pake. Nikamwonyesha leja. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri: hiyo mitungi yote inatugharimu shilingi ngapi? Nilikuwa nayo. Kuanzia hapo hatukuzungumzia tena hali ya hewa, tulizungumzia hela, na kikao kikaenda haraka.

Kilichopita: kusimamisha mitambo kwa zamu, chumba kimoja kimoja, kutafuta uvujaji msimu samaki wakiwa wachache. Daftari la gesi kwa kila mtambo, na mtungi hautoki stoo bila karatasi inayosema tundu lilikuwa wapi. Mapazia ya milangoni. Jenereta kuzimwa umeme ukirudi, maana ilikuwa inaachwa inanguruma "kwa tahadhari". Sola imeombewa bei. Amonia imewekwa kando mpaka siku ya kujenga upya.

Kilichokataliwa: kugusa ndege. Nilipendekeza tumwandikie mnunuzi kwamba akiongeza bei ya iliyogandishwa tutampunguzia tani nyingi kuliko zote alizotuomba. Wakubwa waliogopa atahamia kwa jirani. Barua haijaandikwa, ila nimeiacha kwenye faili.

Mzee Goziba, Skopu 3 inaruhusu makadirio ya wastani pale ambapo namba kamili haipo. Nimetumia wastani, sijamgusa mvuvi yeyote kwa jina.

MzeeWaGoziba

Umefanya la maana. Lakini hujanijibu. Nikibadili injini, tani zitakazopungua zinaandikwa kwenye karatasi ya nani? Yako. Na mkopo wa injini unaandikwa kwa nani?

LejaYaIgogo

Kwako, mzee. Sina jibu la kukudanganya. Kama kiwanda kinataka tani zako, kichangie injini au kiongeze kitu kwenye kilo. Nitalisema kikaoni, sikuahidi kitu.

NyegeziKona

Nimewaelewa nusu. Ya mtungi nakubali, hiyo ni hela inayovuja hata kama dunia ingekuwa na baridi. Ya wazungu bado nina neno nao. Leja, hilo jedwali si ulimwage hapa tulione?

LejaYaIgogo

Namba za kiwanda hapana. Jedwali tupu nitaweka, lina safu nne tu: kitu, kiasi, kigezo, tani. Anayetaka aseme.

MamaDagaaKirumba

Naomba. Na Fundi, ile mitungi mitupu ya gesi mnaifanyaje? Hapa vijana wananunua wanakata wanatengeneza majiko ya mkaa.

FundiBaridi

Mama, mtungi "mtupu" huwa haujaisha. Presha ikilingana na ya mtambo gesi inaacha kutoka, na humo ndani inabaki kiasi, gramu mia kadhaa mara nyingine. Kijana akipiga msumeno inatoka yote kwa mlio mmoja, tena akiwa na moto karibu inageuka sumu ya kifuani. Leja, weka na hilo kwenye daftari lako: mtungi usiuzwe chakavu mpaka fundi aunyonye kwa pampu na kuupima uzito. Mkinitafuta nije na pampu yangu, nauli ya kutoka Buzuruga tu.